Maswali ya Wasomaji: Kuhama Kutoka Mtungi na Dumu Kwenda Kwenye Umeme

Kabla ya 2024 barua nyingi za safu hii ziliuliza mgao wa umeme utakwisha lini. Mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji uliwashwa Februari 2024, ukiwa mmoja kati ya mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, na tangu hapo wasomaji wanauliza jambo jingine: ikiwa umeme upo, kwa nini tuendelee kubeba mtungi wa gesi na dumu la petroli? Safari hii nimechagua barua tano za Dodoma na majirani zake. Nimezijibu kwa hesabu za nyumba zilizoandikwa humo, kwa hiyo mwenye matumizi tofauti abadilishe tarakimu kabla ya kufuata ushauri.

Ndugu Mhariri, mimi ni baba wa watoto watano, naishi Nkuhungu. Mtungi wa kilo 15 tunaujaza kwa shilingi 58,000 na unakwisha kwa mwezi mmoja. Umeme tunatumia uniti kama 55 kwa mwezi, na nikigawanya risiti napata shilingi 122 kwa uniti. Jirani yangu, ambaye anauza barafu na juisi, amenunua jiko la umeme la sahani mbili na anasema tangu hapo amepumua. Ananishawishi niuze mtungi. Mke wangu hataki hata kusikia. Nani yuko sahihi? *Baba wa Nkuhungu.*

Jibu: Baba, kabla hujaamua kati ya mkeo na jirani, mwombe jirani risiti yake ya LUKU uiweke kando ya yako, kwa sababu nina hakika hamlipi bei moja. Wewe umo katika kundi la wateja wa nyumbani wanaotumia kidogo, ambalo mafundi huliita D1. Humo uniti 75 za kwanza za mwezi ni shilingi 100 kila moja, na ukiongeza kodi ya ongezeko la thamani pamoja na tozo za REA (wakala wa umeme vijijini) na EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji) zinafika 122. Kuanzia uniti ya 76 bei ni shilingi 350 kabla ya makato hayo, yaani 427 zinazotoka mfukoni. Anayevuka 75 mwezi baada ya mwezi huhamishiwa kundi la matumizi ya kawaida, ambako kila uniti, hata ile ya kwanza kabisa, ni shilingi 292 kabla ya makato na 356 baada yake. Jirani mwenye majokofu ya barafu bila shaka yuko huko siku nyingi.

Nikumbushe pia kwamba bei ya uniti haipimwi kwa risiti ya kwanza ya mwezi. Kodi ya jengo inakatwa katika LUKU tangu 2021, na ununuzi wa mwanzo wa mwezi hutoka na uniti pungufu kwa sababu hiyo. Tumia risiti ya pili au ya tatu, kama ulivyoonekana kufanya.

Sasa tuulize mtungi wako una nini ndani. Kilo moja ya gesi ya kupikia hubeba joto linalokaribia uniti 13 za umeme, hivyo mtungi wa kilo 15 ni kama uniti 192. Ila moto wa gesi huramba ubavu wa sufuria na kupotelea hewani, na kwa kawaida nusu tu ya joto ndiyo huingia katika chakula. Jiko la umeme la koili, kama lile la jirani, huingiza robo tatu, na jiko la induksheni, lile linalopasha sufuria yenyewe kwa nguvu ya sumaku, huingiza kama asilimia 85. Kwa hiyo kazi inayofanywa na mtungi mzima wa mwezi ingehitaji uniti zipatazo 130 katika jiko la koili au 115 katika induksheni.

Kwa jirani hesabu ni nyepesi: uniti 130 kwa shilingi 356 ni 46,280, na akilinganisha na mtungi wa 58,000 anabakiwa na zaidi ya shilingi 11,000 kila mwezi. Amepumua kweli. Kwako mambo yanageuka. Leo unalipa shilingi 6,710 za umeme na 58,000 za gesi, jumla 64,710. Ukiuza mtungi na kuhamishia kila kitu kwenye koili utatumia uniti 185, utatolewa katika D1, na utalipa 65,860. Yaani umenunua jiko, umegombana na mkeo, na mwisho wa mwezi umelipa zaidi ya ulivyokuwa ukilipa. Hata ukinunua induksheni utaokoa kama shilingi 4,000 tu, na sufuria mpya zinazohitajiwa na jiko hilo hujazihesabu. Kilichokula faida yako ni zile uniti 55 za zamani, za taa na friji, ambazo zilikuwa za 122 na sasa zimekuwa za 356.

Lakini tazama nafasi iliyobaki kati ya 55 na 75. Una uniti 20 za bei ya chini ambazo kila mwezi huzigusi, na zote kwa pamoja ni shilingi 2,440. Ushauri wangu ni kwamba uzitumie hizo kwanza, tena kwa kazi inayokula gesi kuliko zote, ambayo ni kuchemsha vitu vigumu: maharage, makande, kunde, nyama ya mbuzi, kongoro.

Hapa Dodoma jambo hili lina uzito wake wa pekee. Mji uko mita kama 1,100 juu ya usawa wa bahari, na maji yetu huchemka karibu na nyuzi joto 96, hayafiki 100. Mgeni kutoka Tanga huyalaumu maharage kwamba ni ya zamani, kumbe sufuria haina joto alilozoea. Jiko la presha la umeme huzuia mvuke ndani na kupandisha joto hadi zaidi ya nyuzi 110, halafu ubavu wake umefunikwa, kwa hiyo joto likishaingia halitoki ovyo. Nililipima jikoni kwangu kwa kuzima kila kitu kingine ndani ya nyumba na kusoma mita kabla na baada. Kwa dakika za mwanzo taa nyekundu ya mita ilipepesa mfululizo. Kisha kile kipini kidogo cha chuma juu ya mfuniko kikapanda, sauti ya mvuke ikakatika ghafla, na kuanzia hapo mita ikawa inapepesa kwa kusitasita, maana jiko lilikuwa linajizima na kujiwasha lenyewe. Nusu kilo ya maharage makavu yaliyolowekwa usiku yaliiva kwa takribani nusu uniti. Chungu kimoja kila siku kwa mwezi mzima ni uniti 15, na zinabaki tano za kuchemshia chai kwa birika.

Kwa familia ya watu saba, kazi hizo za kuchemsha si chini ya theluthi ya mtungi. Kwa mpango huu utalipa shilingi 9,150 za umeme, gesi itashuka hadi kama 38,700, na utaokoa karibu shilingi 17,000 kwa mwezi bila kutoka katika D1. Mtungi uliokuwa ukikaa mwezi mmoja utakaa mwezi na nusu.

Ugali uuache kwenye gesi. Najua watengenezaji wa majiko hawatapenda niseme hivi, lakini ugali wa uwele wa watu saba hausongwi kwa adabu: msongaji anaegemea mwiko, sufuria inazunguka, na kioo cha jiko la induksheni hakikutengenezwa kwa mapambano ya namna hiyo. Mlenda nao huiva upesi, hauna cha kuokoa. Wala usione haya kubaki na mtungi. Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa Mei 2024, ambao lengo lake ni asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati safi ifikapo 2034, unaihesabu gesi ndani ya nishati hizo. Kinachokimbiwa ni kuni na mkaa.

Kwa hiyo mkeo yuko sahihi, ila mpelekee jiko la presha badala ya kumpelekea ushindi.

Ndugu Mhariri, nina nyumba Chang'ombe. Nilinunua jiko la induksheni, na siku ya kwanza likakataa kuwaka juu ya sufuria zangu zote. Nikaenda kubadilisha nikapewa la koili. Hilo linawaka, lakini jioni ugali unachukua karibu saa nzima, na juzi soketi imeanza kunuka plastiki. Fundi anasema umeme wa mtaa ni mdogo, mwanangu anasema jiko ni bovu. *Mama wa Chang'ombe.*

Jibu: Pole sana, mama. Hayo ni matatizo matatu tofauti, na soketi ndiyo ya haraka. Usiitumie tena kwa jiko hadi ifunguliwe.

Jiko la wati 2,000 huvuta ampea karibu tisa kwa muda wote linapowaka, wakati televisheni haivuti hata moja. Soketi iliyofungwa kwa waya wa milimita 2.5, skrubu zikiwa zimekazwa na swichi ikiwa ya ubora, inamudu mzigo huo. Kinachoungua ni skrubu iliyolegea, plagi inayocheza, au ekstensheni. Mimi mwenyewe, pamoja na kuandika safu hii, niliwahi kuchomeka jiko kwenye ekstensheni niliyoinunua dukani kwa kuamini maandishi ya pembeni yake yaliyosema ampea 13. Nilikuja kushtuka kwa harufu, na nilipoipasua nikakuta waya ndani ni mwembamba kama wa spika. Jiko la umeme, pasi na birika vichomekwe ukutani moja kwa moja. Ukitaka jiko kubwa la sahani nne lenye oveni, hilo linahitaji njia yake peke yake kutoka kwenye sakiti breka, kwa waya wa milimita 6, na lifungwe na fundi mwenye leseni ya EWURA. Mwambie akague na waya wa ethi, ule unaopeleka umeme uliovuja ardhini, kwa sababu jikoni kuna maji, sakafu ni saruji, na watu hupika bila viatu.

Kuhusu umeme mdogo, fundi wako anaweza kuwa mkweli, na iko njia ya kumpima. Volti zinazotakiwa ni 230. Nguvu ya jiko la koili haishuki sawasawa na volti, inashuka kwa kasi zaidi: volti zikifika 180, jiko la wati 2,000 linabaki na wati kama 1,225, na ndiyo maana ugali unakesha. Mwambie fundi apime volti saa mbili usiku, wakati mtaa mzima umewasha, mara moja kwenye mita na mara nyingine kwenye soketi ya jikoni, jiko likiwa linawaka. Ikiwa kwenye mita ni 180, tatizo liko nje na TANESCO wapewe taarifa pamoja na namba ya mita yako. Ikiwa kwenye mita ni 225 na jikoni ni 195, basi nyaya za nyumba yako ndizo zinazokula umeme, na hapo umepata maelezo ya harufu pia.

Induksheni haikuwa mbovu. Jiko hilo hupasha chuma chenye kuvutwa na sumaku, na sufuria zetu nyingi ni za alumini. Siku nyingine nenda dukani na kipande cha sumaku, hata kile cha spika iliyokufa: kikinata chini ya sufuria, itawaka.

Ndugu Mhariri, tuko Kondoa. Umeme ukikatika jioni nawasha jenereta ya petroli kwa saa tatu ili friji isiharibu vitu, watoto wasome, na tuone taarifa ya habari. Inakunywa lita mbili, ambazo ni kama shilingi 6,000. Huwa naichomeka kwenye soketi ya sebuleni na nyumba yote inawaka. Je, betri inaweza kuchukua nafasi yake? *Mwalimu mstaafu.*

Jibu: Inaweza, Mwalimu, lakini naomba uniruhusu kuanza na hiyo soketi ya sebuleni. Ukichomeka jenereta ukutani bila kuzima swichi kuu, umeme wako unatoka kupitia mita hadi kwenye transfoma ya mtaa, na transfoma inaupandisha hadi maelfu ya volti. Fundi aliyepanda nguzo akijua laini imekufa anakutana nao. Na siku umeme utakaporudi jenereta ikiwa bado inaunguruma, itaungua. Kuna swichi ya kubadilishia, ambayo mafundi huiita chenjiova. Inafungwa mara moja na haiwezi kuruhusu njia mbili kwa pamoja. Hadi itakapofungwa, peleka waya wa friji na wa televisheni moja kwa moja kwenye jenereta. Na jenereta yenyewe ikae nje kabisa, mbali na madirisha, kwa kuwa moshi wake una kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo humlaza mtu usingizi asioamka.

Tuje kwenye hesabu. Friji, televisheni na taa za nyumba ya kawaida kwa pamoja ni kama wati 300, kwa hiyo kwa saa tatu umetumia uniti 0.9. Umezilipia shilingi 6,000. Hakuna umeme wa ghali kama huo katika wilaya nzima, na sababu ni kwamba jenereta inakunywa karibu kiasi kilekile hata ukiwasha taa mbili. Uniti ileile ukiihifadhi kwenye betri kutoka LUKU, pamoja na upotevu wa kuchaji, inakugharimu shilingi 430 hata kwa bei ya 356.

Betri ya kutosha kazi hiyo ni ya lithiamu ya volti 12 na ampea-saa 100, ambayo ina uniti 1.28 na inaruhusu kutumika hadi asilimia 90. Muuzaji akikupa ya risasi, hiyo ya maji au ya jeli, uwe na habari kwamba haipendi kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo utahitaji ya 200 ili upate kazi ya ile ya 100. Inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, iwe ya wati 1,000 au zaidi na yenye wimbi safi, yaani inayotoa umeme laini kama wa TANESCO. Mota ya friji inapoamka huvuta mara kadhaa ya wati zake za kawaida, na inveta ndogo itapiga kelele na kuzima kila mara friji inapojaribu kuwaka.

Kama ununue sasa au baadaye, kalenda ya ukutani itakuambia. Weka alama kila jioni unapowasha jenereta kwa miezi mitatu. Alama mbili kwa mwezi ni shilingi 12,000, na betri itachukua miaka mingi kurudisha fedha zake. Alama kumi ni 60,000, na hapo nisingengoja. Baadaye unaweza kuongeza paneli ya jua. Kwa anga la katikati ya nchi, paneli ya wati 400 huleta kati ya uniti 1.5 na 2 kwa siku ya kawaida, mradi ielekezwe kaskazini kwa mwinamo mdogo na ifutwe vumbi. Vumbi la kiangazi chetu, kuanzia Juni hadi mvua za Desemba, si la mchezo. Imwagie maji alfajiri kabla kioo hakijapata moto.

Usipikie kwa betri hiyo. Mtungi mdogo wa kilo 6 unatosha kwa jioni za giza.

Ndugu Mhariri, tuna shamba la zabibu Hombolo pamoja na nyumba. Maji tunavuta kisimani kwa pampu ya petroli. Kisima kina kina cha mita 12, kwa hiyo kijana huishusha pampu ndani kwa kamba ndipo inavuta. Nguzo za umeme zipo kilomita mbili kutoka hapa. *Mkulima.*

Jibu: Ndugu Mkulima, kijana asiishushe tena pampu hiyo, hata leo jioni. Umelazimika kufanya hivyo kwa sababu hakuna pampu ya kuvuta kutoka juu inayoweza kuvuta maji ya kina cha zaidi ya mita saba hivi katika nyanda zetu. Hewa ndiyo inayosukuma maji kupanda bombani, na huku juu hewa ni nyepesi kuliko pwani. Lakini injini ya petroli ndani ya shimo inajaza kisima moshi, na moshi huo haupandi upesi. Anayeshuka kuiangalia kwa nini imezima huzima naye, na anayeshuka kumwokoa vilevile.

Pampu ya umeme ya kuzamisha hukaa ndani ya maji na kuyasukuma kutoka chini, haina moshi, na kina si tatizo kwake. Huhitaji kungoja nguzo. Kujaza simtanki la lita 5,000 kutoka mita 12, tanki likiwa juu ya mnara wa mita tatu au nne, hakuzidi nusu uniti hata kama pampu ni ya ubora wa kati. Paneli mbili za wati 400 zinafanya kazi hiyo mchana bila betri yoyote, kwa sababu betri yako ni tanki lenyewe: jua likiwaka linajaa, usiku zabibu zinanyweshwa kwa mteremko. Kabla ya kununua, mwulize mchimbaji kisima kinarudisha lita ngapi kwa saa kiangazi kikikolea, na chagua pampu inayovuta chini ya kiwango hicho, maana pampu ya kuzamisha ikibaki bila maji huungua haraka.

Ndugu Mhariri, nakaa Iyumbu na ofisi yangu iko Mtumba. Kwenda, kurudi na mizunguko ya watoto ni kilomita 60 kwa siku, na petroli inanila shilingi 15,000. Kuna mtu anauza Nissan Leaf iliyotumika, ya toleo la kwanza, bei yake inavutia. Umeme wangu nauchukua kwa bei ya 356. Niichukue? Nitaweza kwenda nayo Dar es Salaam mwisho wa mwezi? *Mtumishi.*

Jibu: Kwa mafuta peke yake, hesabu iko upande wako. Gari la aina hiyo hutumia uniti 16 hivi kwa kilomita 100, kwa hiyo siku yako ni uniti 10, au 11 ukiweka upotevu wa kuchaji, ambazo ni kama shilingi 3,900. Unaokoa 11,000 kila siku ya kazi. Hakuna oili ya injini ya kubadilisha, na breki hukaa muda mrefu kwa sababu mota yenyewe hupunguza mwendo.

Ila hununui gari, unanunua betri yenye matairi. Leaf ya toleo la kwanza ilitoka kiwandani na betri ya uniti 24 isiyo na mfumo wa kupoza kwa maji, na joto pamoja na miaka huipunguza. Washa gari na utazame pembeni mwa kipimo cha chaji: kuna vijisanduku vidogo 12 vinavyoonyesha afya ya betri, tofauti na vile vya chaji. Kila kinachokosekana ni sehemu ya betri isiyorudi. Kikipungua kimoja au viwili, kilomita 60 zako ziko salama. Vikibaki vinane, huenda utamaliza safari ya siku lakini bila ziada ya dharura, na mwaka kesho hutamaliza. Muuzaji asipokubali uliendeshe kutoka chaji kamili kwa kilomita 60 ukiwa na kiyoyozi kimewashwa, umeshapata jibu lako.

Nyumbani utalichaji usiku kwa soketi ya kawaida kwa ampea kama kumi, saa tano au sita kwa matumizi yako. Huo ni mzigo wa jiko linalowaka usiku kucha bila kupumzika, kwa hiyo yale niliyomwambia Mama wa Chang'ombe kuhusu skrubu, ethi na ekstensheni yanakuhusu zaidi kuliko yanavyomhusu yeye. Soketi ya gari ifungiwe njia yake, na kwa wiki ya kwanza amka usiku mara moja uishike plagi kwa mkono: ikiwa vuguvugu ni sawa, ikikuunguza chomoa.

Dar es Salaam, hapana. Hata Morogoro, ambayo ni kilomita kama 260, hutafika kwa chaji moja, na hata ingekuwa mpya isingefika. Kwa safari za mwisho wa mwezi kuna treni ya SGR, ambayo imekuwa ikibeba abiria kati ya Dodoma na Dar es Salaam tangu katikati ya 2024, nayo inakwenda kwa umeme. Gari liache limechomekwa Iyumbu.